Silinda Nne za Kazi Gani? Mjadala juu ya Honda CB650R

Novemba 2023, kwenye maonyesho ya EICMA mjini Milan, Honda iliitoa CB650R ikiwa na sura iliyochongwa upya, skrini ya rangi ya inchi 5, na mfumo unaoitwa E-Clutch, ambao hushika na kuachia klachi bila mkono wa mwendeshaji. Mwaka uliofuata ikafika madukani Ulaya, na ubishi ukaanza. Ungedhani watu wangebishania klachi hiyo. Walibishania injini. Katika daraja la kati, lile la ujazo wa sentimita 600 hadi 800, kampuni nyingi zimehamia silinda mbili na Triumph ina tatu. Miongoni mwa kampuni kubwa nne za Kijapani ni Honda peke yake iliyobaki ikiwauzia Wazungu pikipiki ya mtaani isiyo na makava, yenye silinda nne zilizopangwa safu moja.

Kwa nini ing'ang'anie? Nimeweka viti vinne mezani. Wanaokalia nimewaumba mimi kutokana na hoja zinazosikika kila waendeshaji wanapoegesha pamoja, na nimewapa lugha yetu. Mzee ni mtu wa Mombasa, dereva wa basi mstaafu London. Fundi ametoka Dar es Salaam, ana gereji yake. Dada ni muuguzi kutoka Nairobi aliyejifunza kuendesha ukubwani. Kijana amezaliwa Birmingham na anaendesha Yamaha MT-07. Meza ni yangu, kwa hiyo nitaingilia nikiona inafaa.

KIJANA: Shikamoo, Mzee. Naomba nianze na tarakimu, maana hazina mapenzi na mtu. CB650R ina nguvu ya farasi 95, lakini mpaka uizungushe injini mara 12,000 kwa dakika ndipo uzipate zote. Nguvu yake ya kusukuma, nyutonimita 63, unaikuta kwenye 9,500. MT-07 yangu ina farasi 73 tu, lakini nyutonimita 67 nazipata kwenye 6,500. Tena ina kilo 184. Hiyo ya kwenu ina 205, na ukiongeza klachi ya umeme zinakuwa 207. Taa ikiwaka kijani mimi nishavuka kipilefti, nyinyi bado mnaitafuta nguvu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Tarakimu zako sizibishi. Ila hebu niambie, ukitoka London kwenda Bristol kwa M4 unapita taa ngapi? Hiyo ni zaidi ya maili mia moja injini ikizunguka mwendo ule ule. Silinda mbili zako zinakutoa vizuri kwenye taa, kisha zinakusukasuka njia nzima.

KIJANA: Za zamani ndizo zilizokuwa zikisukasuka. Hii kranki yake imekatwa kwa nyuzi 270.

FUNDI: Ngoja niwaamue. Kwenye injini ya Honda pistoni mbili za pembeni zinapanda wakati zile mbili za katikati zinashuka, uzito unajisawazisha, na kila nusu mzunguko wa kranki kuna silinda moja inayolipua. Kwenye MT-07 kuna mlipuko, halafu robo tatu ya mzunguko, mlipuko wa pili, halafu mzunguko mmoja na robo wa kusubiri. Ndiyo sababu inadunda, na ndiyo sababu watu wanaipenda, maana unalisikia tairi la nyuma likiikamata lami. Lakini Mzee naye asituambie silinda nne hazitetemeki. Kuna mtetemo mwembamba unaokwenda mara mbili ya kasi ya kranki, na huo unapanda mpaka kwenye vishikio. Safari ikiwa ndefu vidole vinakufa ganzi.

MZEE: Ganzi kidogo. Hilo nakubali.

FUNDI: Kidogo kwako, umeshika usukani wa basi miaka.

MZEE: Nyinyi mmezaliwa mkazikuta pikipiki zote zimetulia, hamjui zilitoka wapi. Mwaka 1969 Honda ilipoitoa CB750, silinda nne zilikuwa za mashindano na za matajiri wachache. Mwingereza alikuwa na Triumph na Norton zake, zinatikisika mpaka boliti zinalegea, na ukiegesha zinaacha dimbwi la oili. Mjapani akaja na injini ya sentimita 736, farasi 67, breki ya diski mbele, kuwasha kwa kitufe. Marekani iliuzwa dola 1,495. Ukipanda mkavu ulikuwa unashuka mkavu, oili haikurukii! Yangu ya kwanza ilikuwa CB400 Four ya 1975, mabomba manne ya ekzosi yanapinda kwa pamoja kuelekea kulia kabla hayajaingia chini ya injini. Sasa nenda ukaitazame CB650R kwa mbele. Mpindo ni ule ule. Honda wameufanya kwa makusudi, na mtu wa umri wangu akiuona anatia mkono mfukoni.

KIJANA: Kwa hiyo unanunua mabomba.

MZEE: Nanunua injini inayozijua barabara ndefu. Mabomba ni bahashishi.

Hapa naingia, kwa sababu wote wawili wamelikwepa jambo lililoifanya pikipiki hii iwe ilivyo, nalo ni sheria ya leseni. Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pamoja nazo, zina leseni ya A2. Uingereza mtu huipata kuanzia umri wa miaka 19, na humruhusu pikipiki isiyozidi kilowati 35. Pikipiki yenye nguvu zaidi inaweza kubanwa ifike hapo, ila isiwe imetoka kwenye nguvu inayozidi mara mbili ya kiwango hicho, yaani kilowati 70. Sasa itazame CB650R. Nguvu yake ni kilowati 70 kamili. CB650F iliyoitangulia, ya mwaka 2014, ilikuwa na farasi 87. Ilipogeuzwa kuwa R mwaka 2019 ikapandishwa mpaka kwenye mstari wa sheria na kusimamishwa hapo hapo. Wahandisi hawakuishiwa ujuzi. CBR600RR, iliyorudi Ulaya mwaka 2024, ni ya kampuni ile ile, ina ujazo mdogo zaidi wa sentimita 599, na inatoa farasi 121.

Mstari huo umeinyang'anya injini ya silinda nne silaha yake ya jadi. Pistoni ndogo nyepesi zinaweza kuzungushwa haraka kuliko kubwa, na anayezungusha haraka ndiye anayepata nguvu nyingi mwishoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kutengeneza silinda nne tangu zamani za mashindano. Sheria ikishaweka dari ya kilowati 70, mwisho huo haufikiwi tena, na silinda mbili zinaigusa dari bila kutoka jasho. CB750 Hornet, pikipiki nyingine ya Honda iliyoingia madukani mwaka 2023, ina silinda mbili, farasi 92, nyutonimita 75 na uzito wa kilo 190. Uingereza ilianza kuuzwa kwa pauni 6,999, chini ya bei ya CB650R. Kwa karibu kila kipimo kinachobandikwa dukani, Hornet inamshinda nduguye ikiwa bado imo kwenye sanduku. Anayeitetea CB650R kwa tarakimu ameshindwa kabla hajafungua mdomo.

KIJANA: Ndivyo nilivyosema tangu mwanzo.

FUNDI: Na bado hamjafika kwangu, kwenye gereji. Silinda nne ni valvu 16, wakati wewe Kijana una 8. Plagi nne badala ya mbili. Siku ya kupima nafasi ya valvu unafungua tangi, unafungua mambo yote ya hewa, na ukikuta kuna valvu ya kurekebishwa, kamshafti zote mbili zinatoka. Hizo ni saa za fundi, na saa zangu mimi sizigawi bure. Kingine, kwa nini zilipotea? Watu wanasema kampuni zimekuwa bahili. Ni kweli kiasi. Lakini kanuni za moshi nazo zilizibana. Injini inayozunguka haraka inapenda valvu za kuingiza na za kutoa ziwe wazi pamoja kwa muda mrefu kidogo, na pale mafuta mabichi yanaponyoka kwenda kwenye ekzosi. Tena silinda nne ndogo zina kuta na pembe nyingi zaidi za chuma ambapo mafuta hayaungui vizuri. Kanuni ya moshi ya Euro 5 ilipoingia, Yamaha ikaacha kuuza R6 ya barabarani Ulaya. Suzuki ikaiacha GSX-S750 ife, ikaleta GSX-8S ya silinda mbili.

MZEE: Na Honda haikuiacha.

FUNDI: Haikuiacha, lakini imeilipia. Mwaka 2019 nyutonimita zilikuwa 64 kwenye mizunguko 8,500. Walipoirekebisha kwa ajili ya Euro 5 zikawa 63, tena kwenye 9,500. Maana yake imesogezwa juu zaidi, mbali na mahali watu wanapoendeshea kila siku. Hilo ndilo Kijana alilolalamikia, na ana haki.

DADA: Mmemaliza? Maana mimi ndiye niliyeinunua, na mnaijadili kama posa ya binti asiyekuwepo.

MZEE: Sema, mwanangu.

DADA: Natoka zamu ya usiku asubuhi, London yote imejaa barabarani. Kwenye pikipiki ya mafunzo nilikuwa nakamua klachi kila gari la mbele linaposogea hatua mbili. Kufika nyumbani kifundo cha mkono wa kushoto kinawaka moto. Na hiyo ni mikono niliyotoka kuinulia wagonjwa usiku kucha. Hii naiwasha, naikanyagia gia ya kwanza kwa mguu, nafungua mafuta taratibu, inaondoka. Nikisimama inasimama, haizimiki. Nikitaka gia ya pili naikanyaga mwenyewe, mkono wa kushoto umetulia. Na kishikio cha klachi kipo pale pale. Siku nikijisikia kukitumia nakibana, na mfumo unanipisha.

MZEE: Basi hiyo ni skuta.

DADA: Skuta gani ina gia sita za mguu, Mzee? Hii haichagui gia kwa niaba yangu. Nikijisahau nikasimama na gia ya nne, inanimulikia taa kwamba nishushe, basi. Kazi ya kufikiri bado ni yangu.

FUNDI: Anasema kweli. Honda wana mfumo mwingine, DCT, huo unabadilisha gia wenyewe. Hii ni giaboksi ya kawaida na klachi ya kawaida. Walichoongeza ni mota mbili ndogo za umeme kwenye kifuniko cha upande wa kulia wa injini, na kompyuta inayoziamuru. Uzito umeongezeka kilo mbili. Ubaya ninaouona ni kwamba kile kifuniko kimevimba, na ukiwa na miguu mirefu kinakugusa kwenye mundi wa mguu wa kulia.

DADA: Kinagusa. Nimeshakizoea.

MZEE: Kwangu mimi klachi ni sehemu ya uendeshaji. Ukiniondolea, unaniondolea nusu ya ladha.

FUNDI: Mzee, kwetu umewahi kupanda Honda 50? Au 90?

MZEE: Nani hajapanda! Walimu na mabwana shamba walikuwa nazo.

FUNDI: Klachi ya mkono ilikuwa upande gani?

MZEE: (anacheka) Haikuwepo. Ukikanyaga gia, klachi inajiachia yenyewe.

FUNDI: Hiyo ni Super Cub, ya tangu 1958. Inasimuliwa kwamba Soichiro Honda alitaka mpeleka chakula aweze kuendesha kwa mkono mmoja, wa pili umebeba sinia la tambi. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Kwa hiyo ukiona ni uzungu wa kisasa, ujue wewe mwenyewe umekulia juu yake.

Naona mjadala umefika mahali penye utamu, kwa hiyo niongeze neno. Watu wengi wanaiona CB650R kama vitu viwili visivyopatana: injini ya kizamani inayotaka kushughulikiwa, na klachi ya kisasa inayomwondolea mtu shughuli. Mimi naona kimoja kinamponya mwenzake. Injini hii ni dhaifu chini, wala hakuna haja ya kuificha. Anayeiendesha mjini lazima abadilishe gia mara nyingi kuliko mwenye silinda mbili, na kila badiliko kwenye pikipiki ya kawaida ni mkamuo mmoja wa klachi. Adhabu ya silinda nne ilikuwa inalipwa na mkono wa kushoto. E-Clutch imeifuta adhabu hiyo na kuacha gia zote sita mikononi, au tuseme mguuni, mwa mwenyewe. Ningeielewa Honda kama ingeanza kuiweka klachi hii kwenye pikipiki ya wanaojifunza. Iliiweka kwanza kwenye CB650R na nduguye mwenye makava, CBR650R. Mimi nadhani iliiweka pale ilipohitajika zaidi.

KIJANA: Sawa, nimewapa mjini. Niambieni kuhusu raha yenyewe basi. Mnasema injini hii inaimba kuanzia mizunguko 8,000 kwenda juu. Sheria ya barabara kuu ni maili 70 kwa saa. Ukiivuta mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, ushakosa leseni. Mnalipia wimbo mnaoruhusiwa kusikia ubeti mmoja.

MZEE: Gia ya pili inatosha, mwanangu. Ukiwa unapanda mlima, barabara nyembamba, mawe pande zote, unaivuta ya pili mpaka juu, unafunga, unapinda, unafungua tena. Mlio wake unapanda bila kukatika, kutoka mngurumo mpaka mluzi. Silinda mbili zako zinapiga ngoma, nami ngoma naipenda, lakini noti yake ni moja. Na hata ukiwa hufiki huko juu, ile injini kwenye gia ya sita, mwendo mdogo, haigombi. Inakwenda tu.

DADA: Hilo la gia ya sita ni kweli. Na abiria wangu hajawahi kunilalamikia mtikiso. Anachokilalamikia ni siti.

FUNDI: Mimi ninachokilalamikia ni kwamba kwa bei hiyo wamebana mahali pasipostahili. Foku za mbele ni Showa nzuri za milimita 41, lakini hazirekebishiki hata kidogo. Shoki ya nyuma unarekebisha ukakamavu wa springi, basi. Mafuta yanafunguliwa kwa waya wa chuma, si kwa umeme, kwa hiyo usitafute kitufe cha kushikilia mwendo kwenye safari ya Bristol, wala mitindo ya mvua na jua ya kuchagua kwenye skrini. Na kwa kula mafuta, Honda yenyewe inaandika lita 4.9 kwa kilomita 100. Tangi ni lita 15.4. Kwa hesabu hiyo ni kilomita 300 na kidogo, na wewe hutaisubiri ikauke.

MZEE: Waya ni sifa hiyo. Nikizungusha mkono naisikia injini ikijibu.

FUNDI: Ungejua ninavyoupenda waya usingeniambia. Unarekebishika kwa spana. Nasema tu kwamba mtu wa Hornet anapata mitindo hiyo ya kuchagua kwa pesa ndogo zaidi.

KIJANA: Na bado hamjanishawishi.

DADA: Hukuitwa kushawishiwa. Njoo Jumapili uiendeshe.

Nawakatiza hapa, kwa sababu wangekesha. Kijana ana haki kwenye karatasi, na kwa mtu mwenye pikipiki moja, safari fupi na mfuko mwepesi, silinda mbili ndizo zinazomfaa. MT-07 au Hornet zitampa zaidi kwa pesa pungufu, na fundi wake atamwona mara chache. Mzee ana haki juu ya barabara ndefu, ingawa mapenzi yake kwa mabomba ya 1975 yasihesabiwe kama hoja. Mimi nampa ushindi Dada, kwa sababu yeye peke yake anaitumia pikipiki hii kwa namna mbili zinazogombana: foleni ya asubuhi siku za kazi, na mamia ya maili akiwa na mtu nyuma siku za mapumziko. Bila ile klachi ningemwambia aiuze achukue Hornet. Nayo ikiwemo, CB650R ndiyo ninayoiona inafaa kwa matumizi yake, na tofauti ya bei inastahili kulipwa.

Wewe msomaji unayeishi Ulaya na unatafuta pikipiki ya daraja hili, usinunue kwa mlio wa video wala kwa karatasi ya tarakimu. Omba dukani uziendeshe CB650R na Hornet siku moja, kwanza kwenye foleni, kisha kwenye barabara kuu kwa muda wa kutosha mikono ichoke. Wakikuonyesha CB650R isiyo na E-Clutch kwa bei ya chini, iache hapo ilipo.